Karatasi Iliyosema "Kawaida": Uchambuzi wa Kisa cha Mgonjwa wa Vali Bandia Anayetumia Warfarini, Moshi

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya madaktari, wafamasia, wauguzi na wataalamu wa maabara wanaowahudumia watu wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Umri kamili, kijiji, tarehe na majina ya vituo vimeondolewa, na siku zimehesabiwa kuanzia ile aliyomeza kidonge cha kwanza. Mgonjwa alisomewa maelezo haya akaridhia yatumike kufundishia.

Usuli

Bi. M. ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkulima wa ndizi na kahawa kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ambaye siku za soko hushuka Moshi mjini kuuza mikungu yake. Utotoni aliugua homa ya rumatiki ambayo haikutambuliwa, nayo ikaacha kovu kwenye vali ya mitrali, ile iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo. Alipofika kliniki kwetu mara ya kwanza hakuweza kupanda kutoka mtoni hadi nyumbani bila kusimama mara tatu. Baada ya miezi ya rufaa na michango ya ukoo, alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam na kuwekewa vali bandia ya kimakanika.

Mwenye vali ya aina hiyo hana budi kutumia dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na dawa mpya ambazo hazihitaji kupimwa damu mara kwa mara hazimfai. Jaribio la dabigatrani kwa wagonjwa wa vali za kimakanika, lililochapishwa mwaka 2013, lilisitishwa kabla ya wakati kwa sababu waliotumia dawa hiyo walipata mabonge ya damu na kuvuja damu zaidi kuliko wenzao wa warfarini. Basi inabaki warfarini, dawa iliyoanza kama sumu ya panya mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuidhinishwa kwa binadamu mwaka 1954, ambayo nafasi kati ya dozi inayolinda na dozi inayodhuru ni finyu mno. Nguvu yake hupimwa kwa INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani: asiyetumia dawa huwa na INR ya karibu 1, na kwa vali bandia ya mitrali tunalenga kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka chini ya hapo, bonge linaweza kuiziba vali au kukimbilia kwenye ubongo, ikipita 4.5 hatari ya kuvuja damu huanza kupanda kwa kasi.

Pamoja na warfarini, Bi. M. alikuwa akitumia metoprololi, furosemidi na sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki nne ili homa ya rumatiki isirudi. Figo na ini vilikuwa salama. Hakuwa akinywa mbege wala pombe nyingine yoyote.

Mfululizo wa matukio

Alianzishiwa miligramu 5 kwa siku, dozi ambayo wengi wetu huianza bila kufikiri mara mbili. Siku ya 9 INR ilikuwa 2.6 na akaruhusiwa kurudi Kilimanjaro. Siku ya 16 alihudhuria kliniki, lakini vitendanishi vya INR, yaani kemikali za kuipimia, vilikuwa vimeisha. Aliambiwa aendelee na dozi ileile na arudi baada ya siku kumi.

Siku ya 19 alichomwa sindano yake ya penisilini katika zahanati ya karibu na nyumbani. Siku tatu baadaye alirudi hapo akiwa na uvimbe mgumu kwenye kalio, ukubwa wa yai la bata, wenye maumivu na rangi ya zambarau pembeni. Mhudumu alidhani ni jipu la sindano, akampa metronidazole na amoksilini za siku saba. Halikuwa jipu. Ilikuwa damu iliyovujia ndani ya msuli, na kwa hiyo dalili ya kwanza ya tatizo hili ilionekana siku nne kabla hatujaipima.

Siku ya 26 INR ilikuwa 8.1. Fizi zilikuwa zikitoa damu alipopiga mswaki, lakini hakuwa na damu inayovuja kwa wingi. Tulisimamisha warfarini. Baada ya siku tatu INR ilikuwa 6.0, baada ya siku tano 4.2, na siku ya saba ndipo ilipofika 3.0. Siku ya 33 tulichukua sampuli ya damu kwa ajili ya kipimo cha vinasaba kupitia utafiti uliokuwa ukiendelea, tukamrejeshea dawa kwa nusu kidonge, yaani miligramu 2.5 kwa siku. Siku ya 47 INR ilikuwa 3.3 na sote tukaridhika.

Siku ya 68 mambo mawili yalikutana mezani kwa wakati mmoja. INR ilikuwa imeshuka hadi 2.1, na majibu ya vinasaba, kuhusu jeni mbili zinazoamua mwili unavyoipokea warfarini, yalikuwa yamefika: ukurasa mmoja wenye neno "kawaida" mbele ya CYP2C9 na "kawaida" nyingine mbele ya VKORC1. Tulimrudisha kwenye miligramu 5 na kumpa miadi ya wiki mbili.

Hakufikisha wiki mbili. Siku ya 80 aliletwa na mume wake, amejifunga kanga tatu, hedhi ikiwa imetoka mfululizo kwa siku sita. Hemoglobini ilikuwa 5.6 na INR 9.7. Alipewa chupa tatu za damu, plazma na dozi ndogo ya vitamini K kwenye mshipa. Kipimo cha ultrasaundi hakikuonyesha uvimbe wowote kwenye kizazi, na ekokadiogramu ilionyesha vali ikifunguka na kufunga vizuri.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza unaostahili kutazamwa ni wa siku ya 26, tulipoitupia metronidazole lawama yote. Kwa haki, ilistahili sehemu ya lawama hiyo. Metronidazole huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja warfarini, na kila mfamasia anajua kwamba dawa hizi mbili hazikai pamoja bila kupunguza dozi na kupima mapema. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli na yalitosheleza kiasi cha kutufanya tuache kutafuta mengine. Lakini uvimbe wa kalio ulitokea kabla ya kidonge cha kwanza cha metronidazole. Tarehe hizo zote mbili zilikuwa kwenye daftari la zahanati ambalo mgonjwa alikuja nalo mkononi, na hakuna aliyezipanga kwa mfuatano.

Kulikuwa na ishara nyingine iliyotupita. Kwa wagonjwa wengi, INR ya kiwango hicho hushuka chini ya 4 ndani ya siku mbili hadi tatu baada ya kusimamisha dawa. Ya Bi. M. ilichukua zaidi ya siku tano. Mwili uliokuwa ukiiondoa warfarini taratibu hivyo ulikuwa umekwisha kutueleza jambo, kabla ya maabara yoyote ya vinasaba kufungua sampuli.

Uamuzi wa pili ni wa siku ya 68, na huu ndio uliomuumiza. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa na hofu halali: INR ya 2.1 kwenye vali ya mitrali ni hatari ya kiharusi. Alipoona karatasi inasema "kawaida", alihitimisha kwamba mgonjwa huyu anavunja warfarini kama watu wengine, kwamba ile 8.1 ilitokana na metronidazole peke yake, na kwamba hakuna sababu ya kuendelea na dozi ndogo. Nilikuwapo, nami nilikubaliana naye. Kila hatua katika hoja hiyo ilifuata ile iliyotangulia. Kasoro ilikuwa kwenye neno lililoibeba.

Hatukuuliza kwa nini INR ilishuka ilhali dozi haikubadilika. Jibu tulilipata baadaye wodini, tulipomwomba mama mkwe wake, ambaye ndiye aliyekuwa akimkatia dawa, atuonyeshe anavyofanya. Aliweka kidonge cha miligramu 5 kwenye kisosi kilichopinduliwa, akakishika kwa kucha mbili na kukandamiza wembe katikati. Katika vidonge kumi alivyovikata mbele yetu, vinne vilivunjika vipande zaidi ya viwili, na unga uliobaki kwenye kisosi aliufuta kwa kona ya kanga. Alieleza kwamba vipande vidogo huvikusanya kwenye kichupa ili visipotee, na kwamba juma lile kabla ya kliniki walikuwa wakitumia vile vya kichupa. "Dawa ni ghali, mwanangu, siwezi kuitupa," alisema. Kwa hiyo miligramu 2.5 zilikuwa kwenye karatasi yetu tu. Alichokuwa akimeza kilikuwa kikibadilika siku hadi siku, na juma la kabla ya siku ya 68 kilikuwa kidogo kuliko kawaida.

Uamuzi wa tatu ulifanywa baada ya siku ya 80, na huu nauhesabu kuwa mzuri. Mfamasia wa wodi aligeuza ile karatasi ya vinasaba na kusoma maandishi madogo yaliyo chini, ambayo sisi wengine tuliyachukulia kama anwani ya maabara. Yalisema kwamba kwenye jeni ya CYP2C9 zimetafutwa aina mbili tu za mabadiliko, ambayo hutajwa kwa namba: nyota 2 na nyota 3. Aliomba sampuli iliyobaki isomwe tena kwa nyota 5, 6, 8 na 11. Bila kusubiri majibu, alipendekeza tuachane na vidonge vya miligramu 5, tutafute vya miligramu 1, na tuanze na dozi ya chini huku tukipima INR mara mbili kwa wiki.

Matokeo

Vidonge vya miligramu 1 havikuwapo kwenye duka la hospitali. Vilipatikana kwa agizo maalumu. Bi. M. alianza na kidonge kimoja kwa siku, akapandishwa taratibu, na ilipofika wiki ya tano alikuwa ametulia kwenye miligramu 12 kwa wiki: vidonge viwili kila siku, isipokuwa Jumapili na Alhamisi ambapo humeza kimoja. Jumapili aliichagua mwenyewe kwa sababu ya kanisa, na Alhamisi kwa kuwa ni siku ya mikutano ya kikundi chake cha kuweka na kukopa. INR zake nne za mwisho zimekuwa kati ya 2.6 na 3.3. Tangu hapo hajavuja damu tena, na vali inafanya kazi.

Majibu ya pili ya vinasaba yalifika wiki ya sita, wakati dozi imekwisha kupatikana. Alikuwa na CYP2C9 nyota 6 kutoka kwa mzazi mmoja na nyota 8 kutoka kwa mwingine.

Uchambuzi

Warfarini ina sura mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Sura inayoitwa S ina nguvu takribani mara tatu hadi tano kuliko nyenzake, na huvunjwa hasa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2C9. Kimeng'enya kikiwa kizito, dawa hulundikana. Katika nyota 6, herufi moja ya maelekezo ya jeni imedondoka, na kila kinachofuata baada yake husomeka vibaya, hivyo kimeng'enya hakitengenezwi kikafanya kazi. Katika nyota 8, kimeng'enya kipo lakini kazi yake ni pungufu. Mtu mwenye zote mbili huhesabiwa miongoni mwa wanaovunja warfarini polepole sana. Kwake dawa haichukui wiki moja kufikia kilele, bali huweza kuchukua wiki mbili hadi nne, na ndiyo maana ile 2.6 ya siku ya 9, iliyotufurahisha, ilikuwa namba iliyokuwa bado inapanda ngazi.

VKORC1, jeni ya pili kwenye karatasi, ni ya kile kimeng'enya ambacho warfarini inakishambulia ili kuzuia vitamini K isirejeshwe kazini. Badiliko lake linaloongeza unyeti ni la kawaida sana kwa watu wa Asia ya Mashariki na wengi wa Ulaya, lakini ni adimu kwa Waafrika. Nyota 2 na nyota 3 za CYP2C9 pia ni adimu kwetu. Nyota 5, 6, 8 na 11, kinyume chake, huonekana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Kipimo kilichotafuta zile za kwanza na kuziacha hizi za pili kilikuwa kama mtu aliyetumwa kumtafuta mbuzi, akachungulia banda la kuku na kurudi kusema hayupo. Hakusema uongo. Tatizo ni sisi tuliosikia kwamba mbuzi amepotea.

Wala si mkasa wa Moshi peke yake. Mwaka 2013 yalichapishwa majaribio mawili makubwa ya kupanga dozi ya warfarini kwa kuangalia vinasaba. Lile la Ulaya, lililofanywa kwa watu ambao karibu wote walikuwa na asili ya huko, lilionyesha faida: waliopangiwa dozi kwa vinasaba walikaa kwenye INR inayotakiwa asilimia 67.4 ya muda, dhidi ya asilimia 60.3 kwa wenzao. Lile la Marekani, lililoitwa COAG, halikuonyesha tofauti kwa jumla. Na kwa washiriki Weusi, waliopangiwa dozi kwa vinasaba walifanya vibaya zaidi, asilimia 35.2 dhidi ya 43.5. Jaribio hilo halikutafuta zile nyota za Kiafrika. Mwongozo wa CPIC, jopo la kimataifa linaloandika namna ya kutumia majibu ya vinasaba katika kupanga dawa, uliohuishwa mwaka 2017 ulizingatia hilo na kusema wazi kwamba kwa mtu mwenye asili ya Afrika ambaye nyota 5, 6, 8 na 11 hazikupimwa, dozi ipangwe kwa vigezo vya kitabibu, na majibu ya vinasaba yawekwe kando. Kwa maneno mengine, siku ya 68 kulikuwa tayari na maandishi yanayotuambia tuiweke ile karatasi kwenye droo.

Kilichofanya kazi katika kisa hiki ni vitu vya kawaida kabisa: vidonge vya miligramu 1, kupima INR mara mbili kwa wiki, na mfamasia asomaye maandishi madogo. Kipimo kilichopanuliwa hakikumpatia mgonjwa dozi yake. Kilieleza tu kwa nini dozi hiyo ni ndogo. Nasema hivi bila kudharau kipimo chenyewe, kwa sababu kingefika kabla ya siku ya 1, kikiwa na nyota zinazotuhusu, kingemwepusha na chupa tatu za damu. Lakini kituo chenye fedha za kitu kimoja tu, kati ya kipimo cha vinasaba na vitendanishi vya INR visivyoisha, kinunue vitendanishi.

Kilichoshindwa kwanza ni miadi. Mgonjwa mpya wa warfarini alikaa siku 17, kutoka siku ya 9 hadi ya 26, bila kupimwa. Pili ni mawasiliano na zahanati. Mhudumu aliyeona uvimbe hakuwa na namna ya kujua kwamba mgonjwa wa vali akipata uvimbe baada ya sindano ya msuli apimwe INR kwanza, kwa kuwa kadi yake ya warfarini ilikuwa na jina la dawa na tarehe ya miadi tu. Sasa kadi ina mistari minne ya Kiswahili, mmojawapo ukitaja kwa majina dawa zinazogongana na warfarini: metronidazole, kotrimoksazole na flukonazole. Tatu ni chakula, na hapa nakiri kosa dogo la upande wetu: wiki za mwanzo tulimkataza mnafu, mchicha na majani ya maboga kabisa, kwa sababu ya vitamini K iliyomo, ushauri ambao hautekelezeki kwa mtu wa Kilimanjaro na wala hauhitajiki. Sasa anakula mboga zake kwa kiasi kilekile kila juma, na dozi imepangwa juu ya ulaji huo.

Inafaa pia kueleza kwa nini tofauti za vinasaba zimetuponyoka kwa miaka mingi kwenye dawa nyingine za moyo. Metoprololi, ambayo Bi. M. anaitumia, huvunjwa na CYP2D6, na aina ya jeni hiyo inayopunguza kasi, nyota 17, ni ya kawaida Afrika. Lakini metoprololi hupandishwa kwa kuhesabu mapigo ya moyo. Mapigo yakishuka mno unapunguza, na hakuna anayeuliza jeni. Klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia mabonge ya damu, ni kinyume: ni dawa inayohitaji kuamshwa na CYP2C19 ndipo ifanye kazi, na asiyeiamsha haonyeshi dalili yoyote mpaka mrija wa moyo uzibe tena. Warfarini iko katikati ya hizo mbili. Inaonekana, ila kwa yule anayepima tu.

Jambo la uzazi bado liko wazi. Bi. M. ana mtoto mmoja na angependa mwingine. Warfarini huweza kumdhuru kijusi, hasa miezi mitatu ya mwanzo, ingawa hatari hiyo ni ndogo zaidi kwa wanaotumia miligramu 5 au chini kwa siku, naye yuko chini sana ya hapo. Amepewa njia ya uzazi wa mpango kwa sasa, na yeye na mume wake wamepangiwa kikao na daktari wa moyo na wa uzazi kwa pamoja kabla ya kuamua.

Kuna na jambo la ukoo. Ikiwa kila mzazi alibeba aina moja, kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi zote mbili. Tulipomweleza hivyo, Bi. M. alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba mdogo wake anatumia dawa ya kifafa ambayo "inamlewesha", anayumba akitembea na macho yanamchezacheza. Dawa hiyo ni fenitoini. Nayo huvunjwa na CYP2C9, na nyota 6 yenyewe iligunduliwa kwa mgonjwa Mmarekani Mweusi aliyedhurika kwa fenitoini, kama ilivyoripotiwa mwaka 2001. Siku hiyohiyo tuliandika barua kwa kliniki yake ya kifafa, tukaifunga kwenye bahasha pamoja na nakala ya karatasi ya pili ya vinasaba, na mfamasia akapiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya nyota 6 na nyota 8.